Nyumba za Mawe za Lamu Zikigeuzwa Hoteli, Nani Hufaidika?

Mara hii tuangalie jambo la Lamu, kwa sababu linahusu kila kikundi chenye mali ya zamani ambayo wageni wanaitamani.

Mji wa Lamu una zaidi ya miaka 700. Nyumba nyingi za mawe tunazoziona pale leo zilijengwa katika karne ya 18 na ya 19 na matajiri wa biashara, watu wa pembe za ndovu, boriti na nafaka. Siku hizi baadhi yake zimetengenezwa upya, zikawa hoteli ndogo za vyumba vichache.

Mgeni analipia nini?

Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Dari inabebwa na boriti za mikoko. Boriti ina kikomo cha urefu, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita 3 hivi. Katikati kuna ua unaoingiza hewa na mwanga. Huko ndani kabisa ukuta umepambwa kwa zidaka, safu kwa safu. Nyumba inakaa baridi hata jua likiwaka.

Chokaa, sio simiti

Nyumba ikiachwa, mvua hupenya darini, boriti zinaoza na ghorofa inaanguka. Wengine wanakimbilia simiti kwa haraka. Lakini matumbawe hunyonya unyevu na chumvi. Chokaa inauachia unyevu utoke. Simiti inaufungia ndani, halafu plasta inabanduka na ukuta unaliwa polepole. Kwa hivyo kila nyumba inayotengenezwa vizuri inampa kazi mchoma chokaa, mkata boriti, mwashi na mchonga milango. Kijana akijifunza ufundi huu, ana mkate wake.

Kuuza au kukodisha?

Shida ni kwamba matengenezo ni ghali, na nyumba moja inaweza kuwa na warithi wengi wasiopatana. Tena mji wa kale ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1986, na UNESCO ikauweka katika urithi wa dunia mwaka 2001, kwa hivyo mwenyewe hawezi kubomoa anavyotaka. Basi anakuja mtu na pesa mkononi, na familia inauza.

Hebu tupige hesabu. Pesa za kuuza mnagawana mara moja, zinaisha. Ukikodisha kwa miaka fulani, mpangaji anaweza kutengeneza nyumba kwa gharama yake, analipa kodi, na muda ukiisha nyumba inarudi kwenu. Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodishiwa, na isizidi miaka 99. Lakini jamani, miaka 99 ni ya vitukuu! Someni idadi ya miaka kabla ya kutia sahihi, na warithi wote wawepo, akina mama pia.

Tusiweke mayai yote kwenye kapu moja

Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara karibu na Lamu. Mwaka 2014 kukatokea mauaji ya Mpeketoni, ikafuata kafyu. Mwaka 2020 ikaja Korona. Kila mara wageni walipotea, na aliyetegemea hoteli peke yake alibaki mikono mitupu. Hoteli iwe nyongeza tu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Sisi tuna mali gani ya zamani ambayo wengine wanaiona thamani kuliko sisi?
2. Ni ufundi gani wa wazee wetu unaopotea, na nani anaweza kutufundisha?
3. Tukipata mtu wa kukodi, mkataba wetu utasema nini kuhusu miaka, matengenezo na kazi za vijana wetu?