Yangeyange wawili wa Bwawani

Wengi hupita kando ya bwawa la Bwawani, Unguja, bila kuligeukia. Upande huu wa Funguni ndiko ulikokuwa mlango wa ile hori iliyotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla haijafukiwa. Mpita njia huona matete na takataka. Mwenye kamera na subira huona mengine.

Saa nzuri ni asubuhi mapema, na nzuri zaidi ni pale maji ya bahari yanapojaa. Ufukwe ukifunikwa, yangeyange hukosa pa kuwinda, na baadhi yao huhamia madimbwini. Asubuhi moja walisimama wawili, mmoja mweupe pe, mwenzake rangi ya moshi mzito, kidevu tu ndicho cheupe. Kijana niliyekuwa naye akasema hao ni ndege mbalimbali. Nikamwambia atazame chini: wote wawili miguu myeusi, vidole vya njano. Ni aina moja. Yangeyange wa mwambao wetu, kuanzia hapa hadi Madagaska, huzaliwa weupe au weusi, na mweupe hupandana na mweusi bila taabu.

Kamera ndiyo inayotaabika. Hupima mwanga kwa kudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mbele ya maji yenye kiza, yule mweupe hugeuka doa tupu lisilo na unyoya hata mmoja, punguza mwanga. Mweusi akiwa mbele ya maji yanayong'aa hubaki kivuli, ongeza.

Kisha subiri. Yule mweupe alikunja shingo, akayumbisha kichwa kidogo, akatulia tuli. Mwanga hupinda utokapo majini, hivyo samaki huonekana juu kidogo ya pale alipo hasa. Mwindaji anayefuata macho yake tu atapiga maji. Majaribio yameonyesha kuwa yangeyange hurekebisha kosa hilo kabla ya kurusha mdomo. Wangu alirusha mara moja, akatoka na kisamaki kinachopapatika.

Picha niliyompiga hapo ina thamani kwa sababu ina tarehe. R. H. W. Pakenham aliandika orodha ya ndege wa Unguja na Pemba, ikachapishwa mwaka 1979, na kwa kumbukumbu kama hizo tunaweza kulinganisha jana na leo. Mfano ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Akala taka, akala na mayai na makinda ya ndege wadogo. Miaka ya 1990 kunguru hao walipunguzwa sana. Kazi iliposimama, wakarudi. Nani atajua ni ndege gani wamepungua mtaani kwake, ikiwa hakuna aliyeandika walipokuwepo?

Simu inatosha kuanzia. Usimsogelee ndege kiasi cha kumfanya aache kula na anyanyue shingo, hapo umeshamsumbua. Na ukifika nyumbani, andika chini ya kila picha mahali, siku, saa, na kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa.