Somo la Redio: Mbwa Mzee Naye Atafuta Nyumba

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni juu ya mbwa mzee.

Mjini Nairobi, upande wa Karen, kuna kituo cha kutunza wanyama. Ni cha chama kiitwacho KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910. Mbwa waliopotea, waliotupwa na walioteswa hupelekwa huko, na mtu atakaye mbwa wa kufuga aweza kwenda kuchagua.

Watu wengi wakifika mahali kama hapo huwaendea watoto wa mbwa. Mbwa mzee hupitwa. Hudhani kwamba ametupwa kwa sababu ana kosa. Mara nyingi sivyo. Huenda bwana wake amekufa, au amehamia nchi nyingine, au amepanga nyumba isiyoruhusu mbwa.

Mbwa ni mzee lini? Mbwa mkubwa wa mwili huanza kuzeeka apatapo miaka 7 hivi. Mbwa mdogo huchelewa, pengine mpaka miaka 10.

Je, ana faida gani? Wahenga walisema, jungu kuu halikosi ukoko. Mtoto wa mbwa ni fumbo: hujui atakuwa mkubwa kiasi gani, wala mkali kiasi gani. Mbwa mzee wamwona alivyo. Tena, kwa kawaida amekwisha acha kutafuna viatu.

Lakini tusidanganyane. Wazee wengine huwa viziwi. Kama wataka mlinzi wa usiku, simama nyuma yake upige makofi. Asipogeuka, huenda hasikii vizuri.

Kabla ya kumchukua, uliza maswali haya manne. Yaandikeni:

1. Je, amechanjwa kuzuia kichaa cha mbwa? Cheti kiko wapi?
2. Je, amepewa dawa ya minyoo?
3. Je, daktari wa mifugo amempima meno, macho na miguu?
4. Je, anapatana na watoto, kuku na mbwa wengine?

Swali la kwanza ni kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa huua watu, na dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno. Ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile ukachanjwe.

Sasa mbwa amefika nyumbani. Mtandikie gunia au blanketi kuukuu mahali pakavu, maana sakafu ya baridi huumiza viungo vyake. Mpe chakula laini, kidogo kidogo, mara mbili kwa siku. Usimpe mifupa iliyopikwa wala vitunguu. Maji safi yawepo daima. Mtembeze, lakini si mbali.

Siku za kwanza huenda akajificha au akakataa kula. Usimfokee. Amepoteza nyumba yake, naye hajui kama hii ni yake. Akikaa siku nzima bila kula, mwite daktari.

Msikilizaji mmoja atasema, "Lakini mwalimu, si atakufa upesi?" Ni kweli. Labda atakaa nawe miaka miwili, labda minne. Basi fanya hesabu kwanza. Ukiona huwezi gharama ya chakula na daktari, usimchukue, kwa sababu kumrudisha ni kumtupa mara ya pili. Ukiona waweza, usimpite kwa ajili ya mvi zake. Wewe utampa miaka michache. Kwake yeye, hiyo ndiyo miaka yote iliyobaki.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini mbwa mzee hupitwa?
2. Ukiumwa na mbwa, utafanya nini kwanza?
3. Ni nani asiyefaa kuchukua mbwa mzee?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.