Chanjo ya mtoto wako humlinda na jirani mgonjwa



Waliowahi kuishi Bwiza, mjini Bujumbura, wanajua maisha ya uani. Familia kadhaa hukaa ua mmoja, huchota maji bomba moja, na watoto hucheza pamoja kutwa. Hapa kambini ni vivyo hivyo: kwenye foleni ya maji, harusini na msibani tunakaa bega kwa bega.

Katika ua kama huo huenda yumo mtu mwenye kinga dhaifu. Pengine anaishi na virusi vya UKIMWI, anatibiwa saratani, au ni mtoto mwenye utapiamlo. Wengine humkwepa, hawali naye wala hawamwalike. Hilo ni kosa. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kula pamoja wala kushikana mikono. Ukweli ni kwamba yeye ndiye mwenye sababu ya kutuogopa sisi.

Kwa nini atuogope?

Chukua mfano wa surua. Huenea kwa hewa, na virusi vyake hubaki ndani ya chumba hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kuonekana. Mwenye kinga dhaifu akiipata, inaweza kumwua.

Je, yeye mwenyewe achanjwe?

Aulize zahanati. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Watoto wengi wenye virusi vya UKIMWI huipata, na wenye utapiamlo pia. Lakini mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, au anayetumia dawa kali za saratani, hapewi. Chanjo zisizo na vijidudu hai, kama ya pepopunda, hazina hatari hiyo. Asiyeweza kuchanjwa hulindwa na waliochanjwa. Surua huzuiwa watu 95 kati ya 100 wakiwa na kinga.

Je, mtoto aliyechanjwa anaweza kumwambukiza?

Chanjo ya surua haimtoki mtoto ikamwingia mwingine. Matone ya polio hutoka kwa choo; kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni baada ya kumsafisha mtoto.

Tufanye nini?

1. Mpeleke mtoto apate chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Aliyechanjwa kabla ya miezi 9 wakati wa dharura, dozi hiyo haihesabiwi, lazima arudi.

2. Tunza kadi ya chanjo. Ikipotea, nenda zahanati hata hivyo. Kurudia chanjo ya surua hakumdhuru mtoto mwenye afya.

3. Ukiwa na homa, kikohozi au vipele, ahirisha kumtembelea mgonjwa. Ukipona, nenda.

4. Mwenye kinga dhaifu akikutana na mgonjwa wa surua, awahi zahanati siku hiyo hiyo, asingoje kuugua.

Usimuulize jirani anaumwa nini. Halazimiki kukueleza, nawe huna haja ya kujua. Watoto wote wa ua wakichanjwa, ataweza kuketi nasi arusini na msibani bila hofu.

Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya wa eneo lako. Asiyejua kusoma, msomee.