Mbwa au Paka Wako Anapopewa Nusu Kaputi ya Gesi: Mambo ya Kuzingatia

Leo tuweke pembeni mahindi na ng'ombe, tuzungumzie walinzi wetu: mbwa anayelala zizini na paka anayetulindia ghala dhidi ya panya. Siku hizi napigiwa simu na wafugaji walioambiwa na daktari kwamba mnyama wao atafanyiwa upasuaji kwa gesi. Swali lao karibu wote ni moja: "Afisa, ataamka kweli?"

Wengi sana huamka. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza kati ya 2002 na 2004, kwa dawa za usingizi za aina zote, ulionyesha kuwa mbwa wenye afya alikufa takriban 1 katika kila 2,000. Kwa mbwa waliofika wakiwa wagonjwa, alikufa takriban 1 katika kila 75. Paka wenye afya ilikuwa 1 katika 900 hivi, na wagonjwa 1 katika 70. Somo hapo ni nini? Mlete mnyama mapema. Usingoje mbwa jike aoze kizazi ndipo umkimbize mjini.

Gesi yenyewe inafanyaje kazi?

Dawa zinazotumika zaidi ni isoflureni na sevoflureni. Zinakuja zikiwa maji ndani ya chupa. Mashine huzigeuza kuwa mvuke, oksijeni ikabeba mvuke huo hadi kwenye mapafu, ukaingia kwenye damu, kisha ubongo. Uzuri wake ni kwamba daktari anaweza kupunguza au kuongeza dakika yoyote, na mnyama huitoa kwa kupumua. Kwa isoflureni, chini ya asilimia 1 tu ndiyo inayochakatwa mwilini. Dawa ya sindano ikishaingia ndani huwezi kuichota tena.

Lakini gesi hiyo hiyo hupunguza nguvu ya kupumua, hushusha presha ya damu na hupoza mwili. Ndiyo maana kipimo ni jambo la kufa na kupona. Kwa upasuaji wa kawaida isoflureni huhitajika kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2.5 ya hewa anayovuta mnyama. Sasa jamani, nimewahi kusikia watu wanashauriana kumwaga dawa kwenye pamba na kumfungia paka ndani ya ndoo. Kwenye joto la nyuzi 20 tu, mvuke ndani ya chombo kilichofungwa unaweza kufika asilimia 30. Huko si kumlaza paka, ni kumuua.

Kabla ya upasuaji

1. Mweleze daktari kila kitu: umri, mimba, kikohozi, dawa alizopewa, na kama anachoka haraka. Mbwa wenye pua fupi wataje mapema, maana njia yao ya hewa ni finyu.

2. Tumbo liwe tupu. Mbwa au paka mkubwa mwenye afya kwa kawaida hakai na chakula kwa muda wa saa 6 hivi kabla ya kulazwa. Maji aachiwe mpaka daktari aseme yaondolewe. Watoto wadogo wasishindishwe njaa muda mrefu, sukari yao hushuka haraka. Uliza muda wao.

Mwaka jana nilimsindikiza mzee mmoja, mbwa wake jike akafungwe kizazi. Asubuhi alikuwa amempa ugali na dagaa "asafiri na nguvu". Daktari akakataa kumlaza. Mzee akahamaki: nauli ya bodaboda imeshatoka, na kazi ya siku imepotea. Nikamweleza kuwa mnyama akilala, koo nalo linalala. Chakula kikirudi kutoka tumboni hakuna wa kukizuia kisiingie mapafuni. Wiki iliyofuata alimrudisha akiwa tumbo tupu, na mpaka leo mbwa yule anachunga mbuzi.

Wakati wa upasuaji: uliza maswali haya

Usione haya kuuliza. Daktari mzuri hachukii.

- *Nani atamwangalia mnyama wakati wewe unapasua?* Lazima awepo mtu wa kuhesabu pumzi na mapigo ya moyo, kuangalia rangi ya fizi na kupima joto.
- *Utamwekea mrija kwenye koo la hewa?* Mrija hulinda mapafu na hufikisha oksijeni. Kwa paka unahitaji mkono mwepesi: koo lake hubana likiguswa, hivyo hudondoshewa ganzi kwanza. Puto la mrija likijazwa kupita kiasi linaweza kuchana koo. Paka akigeuzwa, mrija utenganishwe kwanza na mashine.
- *Mashine imekaguliwa leo?* Vali ya kutoa hewa ya ziada ikisahaulika imefungwa, mapafu hujaa kama puto na moyo husimama ndani ya dakika chache.
- *Utampa dawa gani ya maumivu?* Hili wengi hawalijui: gesi inalaza, haiondoi maumivu. Ikizimwa, maumivu yanaanza.

Na wewe usikae ndani ya chumba cha upasuaji, hasa mama mjamzito. Ukiinusa gesi, ujue inavuja. Chumba kinatakiwa kuwa na bomba la kuitoa nje.

Baada ya upasuaji

Hapa ndipo wafugaji wengi hujisahau. Katika utafiti ule ule, karibu nusu ya mbwa waliokufa na zaidi ya nusu ya paka waliokufa walikufa baada ya upasuaji kuisha, wengi ndani ya saa 3 za mwanzo. Kwa hiyo usiwe na haraka ya kuondoka. Mnyama abaki kliniki mpaka ainue kichwa mwenyewe na aweze kulala kifudifudi.

Msitie mnyama kwenye kiroba mkamfunga nyuma ya pikipiki! Mweke kwenye kapu au boksi lenye matundu, mfunike kwa kanga, shingo iwe imenyooka. Nyumbani alale pakavu, mbali na ng'ombe na watoto. Mpe maji kidogo kwanza, chakula kidogo baadaye. Fizi zikiwa nyeupe au za bluu, akipumua kwa shida, akitoka damu au akishindwa kuamka vizuri, mpigie daktari hapo hapo.

Na tafadhali, dawa zako za nyumbani ziache kabatini. Parasetamoli humuua paka, hata kidonge kimoja. Diklofenaki na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa.

Hitimisho

Mimi ni afisa ugani, kazi ya kumlaza mnyama si yangu wala si ya jirani mwenye sindano. Ni ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na una haki ya kumuuliza usajili wake. Kliniki zenye gesi nyingi ziko mijini na gharama iko juu kidogo, hivyo panga mapema, ulizia bei, na muulize daktari wa wilaya kama kwa mnyama wako sindano inatosha. Mbwa anayejua mbuzi wako mmoja mmoja humpati sokoni.

Tuonane makala ijayo.