UFADHILI WA MASOMO YA BIASHARA NA UHASIBU: JUA HAYA KABLA YA KUOMBA



Vijana wengi waliomaliza sekondari wanauliza: je, mkimbizi asiye na karo anaweza kusomea biashara au uhasibu hapa Rwanda? Jibu ni ndiyo. Lakini nafasi ni chache kuliko waombaji, na mwenye akili anaweza kuikosa kwa sababu tu karatasi zake hazikuwa tayari.

Nani hutoa ufadhili?

Mpango mkubwa ni DAFI. Ulianza mwaka 1992 kwa fedha za Serikali ya Ujerumani, nao husimamiwa na UNHCR. Umekwisha kusomesha wakimbizi zaidi ya 20,000 katika nchi mbalimbali. Hulipia shahada ya kwanza katika nchi uliyokimbilia: karo, vitabu, na msaada wa chakula, malazi na usafiri.

Pia kuna Kepler, iliyoanza Kigali mwaka 2013. Mwaka 2015 ilifungua masomo ya chuo kikuu ndani ya kambi ya Kiziba, wilaya ya Karongi. Basi usidhani kwamba elimu hiyo ni ya watu wa mjini peke yao.

Masomo haya yanapatikana wapi?

Chuo Kikuu cha Rwanda kina Chuo cha Biashara na Uchumi. Anayetaka kuwa mhasibu kamili hufanya pia mitihani ya chama cha wahasibu, ICPAR. Mitihani hiyo ina ngazi mbili: CAT, ya mafundi wa uhasibu, na CPA, ya wahasibu kamili.

Nani anaweza kuomba DAFI?

Uwe mkimbizi anayetambuliwa, umemaliza sekondari kwa alama nzuri, huna ufadhili mwingine, na kwa kawaida usizidi miaka 28 unapoanza masomo.

Tayarisha nini sasa?

1. Kitambulisho cha mkimbizi. Angalia kama jina lako na tarehe ya kuzaliwa vinalingana na vilivyo kwenye cheti cha shule. Kama kuna tofauti, hata ya herufi moja, nenda ofisi ya uandikishaji mapema.

2. Cheti cha sekondari. Kama ulisoma Kongo au Burundi, cheti chako kinahitaji kulinganishwa na cha Rwanda. Kazi hiyo hufanywa na NESA. Huchukua muda, kwa hiyo usingoje tangazo litoke ndipo uanze.

3. Kiingereza. Chuo kikuu hapa hufundisha kwa Kiingereza. Aliyesoma kwa Kifaransa aanze kujifunza leo.

4. Nakala. Toa nakala za karatasi zote, uziweke mahali pakavu, mbali na zile za asili.

ANGALIA SANA

Fomu haiuzwi. Huduma za UNHCR na za mashirika yanayoshirikiana nayo ni za bure. Mtu akikuomba pesa, au jambo lingine lolote, ili jina lako liingie kwenye orodha, huyo ni mdanganyifu. Usimpe kitu. Toa habari kwa ofisi ya UNHCR au weka barua katika sanduku la malalamiko.

Wazazi, msiwazuie binti zenu kuomba. Hesabu haichagui mvulana wala msichana.

Soma ubao wa matangazo kila wiki. Na wewe uliyesoma habari hii, msomee jirani asiyejua kusoma: huenda mwanawe ana cheti ndani ya sanduku.