Ukiuziana Pikipiki na Mgeni wa Safari: Ufunguo Utoke Lini, Pesa Itoke Lini

Wageni wanaozunguka na pikipiki wamekuwa jambo la kawaida Nyeri. Wengine wanazunguka Mlima Kenya kupitia Naro Moru na Nanyuki, wengine wanapanda upande wa Aberdare, na wachache hupita mjini kuona kaburi la Baden-Powell kabla ya kuendelea. Wapo wanaofika na pikipiki zao kutoka nchi za mbali. Lakini wapo pia wanaoshuka Nairobi kwa ndege, wanatafuta Boxer au TVS iliyotumika, wanatembea nayo miezi miwili, kisha wanaiuza kabla ya kurudi kwao.

Kutoka Wamagana tumeulizwa hivi: "Mzungu anataka pikipiki yangu kwa elfu mia moja na ishirini. Anasema atatuma kwa simu sasa hivi. Nimpe?"

Unaweza kumpa. Ila kuna mambo mawili hapo ambayo watu huyachanganya: kupokea pesa, na kuacha kuwa mwenye pikipiki. La kwanza linaisha kwa dakika moja. La pili ndilo huwaletea watu shida miezi mingi baadaye.

Tuanze na pesa, maana ndiyo kazi yetu. Mgeni anaweza kusajili laini ya simu na pochi ya simu kwa pasipoti yake, kwa hivyo usishangae akikutumia mwenyewe. KSh 120,000 inaingia kwa muamala mmoja, kwa sababu kikomo cha muamala ni KSh 250,000. Lakini salio la pochi yako lisivuke KSh 500,000. Kama juzi ulilipwa bonasi ya majani chai au pesa za kahawa na hukuzitoa, hesabu kwanza, la sivyo muamala utakataliwa na mtaanza kushukiana bure.

Pesa imeingia ukiona salio lako limeongezeka. Usitegemee ujumbe peke yake, kwa sababu ujumbe wa uongo ni rahisi kuuandika na huja na jina lako na kiasi kamili. Ingia kwenye menyu, angalia salio, kisha angalia jina la aliyetuma kama ni lile lililo kwenye pasipoti. Akikuonyesha picha ya skrini ya benki ya kwao, ikisema pesa ziko njiani na zitafika baada ya siku tatu, mwambie vizuri kwamba pikipiki nayo itatoka baada ya siku tatu. Hilo si tusi. Pesa za benki za nje huchukua siku kweli, na mtu mwaminifu ataelewa.

Kuna na ujanja mwingine. Mtu analipa, anaondoka na pikipiki, halafu anapiga simu kwa huduma kwa wateja akidai alituma kwa makosa, anataka pesa zirudishwe. Ukiwa na makubaliano ya mauzo yaliyotiwa sahihi, una la kuonyesha. Usipokuwa nayo, ni neno lako na lake. Kwa hivyo andikeni karatasi mbili, kila mtu abaki na moja: majina, nambari ya pasipoti na ya kitambulisho, nambari ya usajili inayoanza na KM, nambari ya chesisi na ya injini, bei, nambari ya muamala, tarehe na saa ya kukabidhiana. Hiyo saa watu huisahau. Ikitokea ajali saa kumi jioni na wewe ulitoa ufunguo saa nane, utafurahi kwamba iliandikwa.

Sasa tuje kwa umiliki. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili ndiye atahesabiwa kuwa mwenye chombo mpaka ithibitishwe vingine. Sheria hiyo hiyo inampa muuzaji siku 7 kumjulisha msajili kwamba ameuza, na hairuhusu pikipiki kuendelea kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenye mpya hajasajiliwa. Maana yake ni hii: mgeni akimgonga mtu Karatina na kupanda ndege kesho yake, polisi watasoma nambari, na nambari itawaleta Tetu, mlangoni kwako.

Kubadilisha jina kunafanyika kwenye mfumo wa NTSA ndani ya eCitizen. Muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali kwenye akaunti yake. Na hapa ndipo wageni wengi hukwama, kwa sababu mnunuzi anahitaji PIN ya KRA. Mgeni anayeishi na kufanya kazi Kenya mara nyingi anayo. Aliyeingia kwa eTA kutembea tu, mara nyingi hana. Muulize kuhusu PIN kabla ya kuongea bei! Kama hana, na hataki kuitafuta, ushauri wetu ni usimuuzie. Mkodishie: mkataba wa miezi miwili, amana mkononi, na bima ijue kwamba anayeendesha ni mwingine. Pesa itakuwa kidogo kuliko ya kuuza, lakini pikipiki iliyo kwa jina lako itabaki kuwa yako kweli.

Ada zote za serikali kwenye eCitizen hulipwa kupitia Paybill 222222. Mtu akikwambia "boss, nitumie kwa hii namba yangu nikusukumie hiyo logibuku haraka", huyo hakusaidii. Ukikwama na kompyuta, nenda Huduma Centre ya Nyeri mjini.

Tugeuze upande. Mgeni anaondoka Jumapili, ana Boxer safi, anataka kuiuza kwa bei ya kutupa. Wewe ndiwe mnunuzi. Usitume hata amana kabla ya kuuliza: logibuku ni ya nani? Mara nyingi utakuta bado iko kwa jina la yule aliyemuuzia kule Nairobi, na mgeni ana barua ya ruhusa tu. Barua ya kuendesha haimpi mtu haki ya kuuza. Mtafute mwenye jina, ongea naye, aanzishe mabadiliko yeye mwenyewe. Fanya pia utafutaji wa rekodi ya pikipiki kwenye eCitizen, ni ada ndogo ukilinganisha na hasara. Pikipiki nyingi za boda hununuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji huwa kwenye logibuku pamoja na la mwenye kuendesha. Mkopo usipomalizika, mkopeshaji ana haki ya kuja kuichukua hata kama wewe ulilipa kila senti.

Hatari zaidi ni ile pikipiki kubwa yenye namba za nje, iliyoingia kupitia Moyale au Namanga. Ukiambiwa elfu themanini kwa pikipiki ambayo dukani ingekuwa laki nyingi, moyo unaruka. Lakini pikipiki hizo huingia nchini kwa muda tu, mara nyingi kwa kitabu cha forodha kinachoitwa carnet, kinachogongwa muhuri mpakani wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Haijalipiwa ushuru. Ikiuzwa hapa bila ushuru kulipwa, KRA inaweza kuitwaa chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na aliyekuuzia atakuwa ameshafika kwao. Hizo themanini hatuwezi kukurudishia, kwa sababu ulizituma wewe mwenyewe, kwa mtu uliyemkusudia, kwa nambari yako ya siri.

Kama kila kitu kiko sawa, lipeni mkiwa pamoja, mchana, siku ya kazi. Kabla ya kubonyeza, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si la muuzaji bali la "rafiki yake", simamisha. Na kama mgeni anataka noti mkononi, mjulishe mapema: si kila wakala wa Wamagana ana laki moja dirishani, hasa jioni. Ni afadhali mshuke naye Nyeri mjini asubuhi. Bima ya zamani haihami na pikipiki, kwa hivyo kata yako ya mhusika wa tatu kabla ya kuiwasha kurudi nyumbani, na usisahau kofia na jaketi la kuakisi mwanga.