Kwa nini nyumba za Italia huuzwa kwa euro moja?

Mwaka 2008, Vittorio Sgarbi, aliyekuwa wakati huo meya wa Salemi, mji mdogo magharibi mwa kisiwa cha Sisilia, alitangaza kwamba magofu ya mji wake yangetolewa kwa euro 1 kila moja kwa yeyote ambaye angekubali kuyajenga upya. Salemi ni miongoni mwa miji iliyoharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1968, na nyumba nyingi za mji wa kale zilikuwa hazijapata mtu wa kuzishughulikia tangu hapo.

Tangazo hilo lilizaa gumzo zaidi kuliko ujenzi, lakini wazo lenyewe halikufa. Miji mingine ya kisiwa hicho, Gangi na Mussomeli ikiwemo, ililichukua. Mwaka 2019 ilipofika zamu ya Sambuca di Sicilia, maombi yalifurika kutoka ng'ambo hata baraza la mji likalazimika kupiga mnada nyumba 16, na bei zikapanda hadi maelfu ya euro.

Tangu wakati huo habari za nyumba zinazouzwa kwa bei ya soda zimekuwa zikizunguka duniani, na wasomaji wetu walioko Muscat, Leicester au Minneapolis bila shaka wamewahi kutumiwa na ndugu au rafiki. Swali ambalo habari hizo hulipita haraka ni hili: wenye nyumba wamekwenda wapi?

Walioondoka

Kusini mwa Italia kulianza kupoteza watu muda mrefu kabla ya vijana wa leo kuzaliwa. Katika muda wa miaka mia moja kuanzia mwaka 1876, zaidi ya Waitalia milioni 20 waliihama nchi yao, wengi wao wakiwa watu wa vijijini: kwanza kwenda Marekani, Argentina na Brazil, kisha Australia, Ujerumani na migodi ya makaa ya mawe ya Ubelgiji. Katika ajali ya mgodi wa Marcinelle, Agosti mwaka 1956, wachimbaji 262 walikufa, na 136 kati yao walikuwa Waitalia. Wengine walihamia ndani ya nchi yenyewe, wakaenda kuunda magari katika viwanda vya Torino.

Nyumba zilibaki, na sheria ya mirathi ikazikuta. Sheria ya Italia humlinda mtoto asinyimwe kabisa fungu lake, kwa hiyo nyumba ya babu hugawanyika kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hadi chumba kimoja chenye zizi chini yake kinakuwa na wamiliki 12. Mmoja yuko Buenos Aires, mwingine Melbourne, wa tatu alifariki Torino na wanawe hawajui hata kijiji kinaitwaje. Haiwezekani kuiuza nyumba nzima bila saini ya wote, na hakuna anayetaka kuezeka paa la wenzake. Mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kukaa katika kikao cha nyumba ya urithi anaufahamu mkwamo huo bila kuelezwa zaidi. Mwandishi wa makala haya, ambaye naye ana mlango alioufunga kwao na ufunguo wake anao hapa ugenini, haoni ajabu kwamba paa huanguka kabla ya ndugu kukubaliana.

Kwa hiyo baraza la mji linapofanikiwa kuwapata warithi na kuwashawishi waachie haki zao kwa euro 1, wao hufurahi kutua mzigo wa kodi ya majengo, na mji hupata mtu wa kuuzuia ukuta usiwaangukie wapita njia. Masharti hutofautiana mji na mji, ila kwa kawaida mnunuzi hulipia gharama zote za hati, huweka dhamana ya takriban euro 5,000 inayorudishwa kazi ikikamilika, na huahidi kuikarabati nyumba katika muda wa miaka mitatu hivi. Ukarabati wenyewe, katika kichochoro ambacho lori haliingii, hugharimu makumi ya maelfu ya euro.

Mashambani kuna sheria zake

Wageni wenye fedha zaidi huelekea Puglia, kwenye kisigino cha kiatu cha Italia. Walianza kumiminika huko miaka ya 2000, baada ya mashamba ya Toscana kuwa ghali kupita kiasi na ndege za nauli nafuu kuanza kutua Bari na Brindisi. Katika bonde la Itria, baina ya Ostuni, Cisternino na Martina Franca, wanachotafuta ni trulli: nyumba za mviringo au za mraba zenye paa kama pia iliyogeuzwa, zilizojengwa kwa mawe ya chokaa yaliyopangwa bila saruji. Zile za mji wa Alberobello ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996. Kuta zake nene huleta ubaridi wakati wa joto la Agosti, na unyevunyevu usiokauka wakati wa baridi, ambao wauzaji hawautaji.

Hapa ndipo mgeni anapohitaji subira. Ikiwa nyumba inauzwa pamoja na shamba, mkulima anayelima shamba hilo kwa kukodi, au anayelima shamba linalopakana nalo, ana haki ya kununua kwanza kwa bei ileile. Sheria hiyo ni ya mwaka 1965, ikaongezewa nguvu mwaka 1971, na msomaji aliyesoma fiqhi ataona inavyofanana na shufaa. Mkulima hupewa siku 30 za kujibu. Akirukwa, ana mwaka mzima tangu mauzo yasajiliwe wa kulidai shamba kwa bei iliyoandikwa katika hati. Ole wake aliyeandikisha bei ndogo ili akwepe kodi!

Halafu kuna arbuni. Mnunuzi na muuzaji hutia saini mkataba wa awali, na mnunuzi hutoa fedha ambazo Waitalia huziita caparra. Mnunuzi akirudi nyuma, amezipoteza. Muuzaji akirudi nyuma, atazirudisha mara mbili. Neno lao na letu lina asili moja ya Kisemiti, lililosafirishwa na wafanyabiashara wa bahari ya Mediterania tangu zama za kale. Hati ya mwisho hutiwa saini mbele ya mthibitishaji wa serikali. Tangu mwaka 2010, ramani iliyosajiliwa ni lazima ilingane na jengo lilivyo, jambo linalokwamisha mauzo mengi, kwa kuwa vijijini jiko au choo kiliongezwa bila kumuuliza mtu. Kodi ya usajili ni asilimia 2 kwa anayehamishia makazi yake hapo, na asilimia 9 kwa anayenunua nyumba ya mapumziko. Zote hukokotolewa kwa thamani iliyo katika daftari la serikali, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya soko.

Je, Mtanzania au Mkenya anaweza kununua? Mwenye kibali cha ukaazi nchini Italia hana kizuizi kwa jumla. Asiye nacho hukutana na sharti la kutendeana sawa, lililowekwa mwaka 1942: ataruhusiwa kadiri Mwitaliano anavyoruhusiwa katika nchi yake. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 humzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mgeni upangaji usiozidi miaka 99, ndiyo hali ya Waitalia wenye nyumba Malindi na Watamu. Ni vyema kuuliza ubalozi kabla ya kutoa arbuni. Na nyumba haileti viza: Waingereza wenye trulli waligundua hilo mwaka 2021, walipoanza kuhesabiwa siku 90 katika kila siku 180.

Wageni wa aina nyingine

Serikali ya Italia ingependa wageni wakae. Kuanzia mwaka 2019 mstaafu kutoka nje anayehamia mji mdogo wa kusini ameweza kulipa kodi ya asilimia 7 tu kwa mapato yake ya ng'ambo. Hata hivyo, wanunuzi wengi huja wiki chache za kiangazi, na shule ya kijiji haifunguliwi kwa ajili ya watu wa Agosti.

Wapo wageni ambao wangekaa mwaka mzima. Mashamba ya nyanya ya Foggia na ya machungwa ya Calabria huvunwa kwa mikono ya Waafrika, wengi wao wakilala katika vibanda vya mabati na plastiki, si mbali na nyumba tupu za mawe. Huko Rosarno, Januari mwaka 2010, wafanyakazi hao walipigwa risasi za bunduki za upepo, wakaandamana kwa hasira, na zaidi ya 1,000 kati yao wakaondolewa mjini.

Riace, katika jimbo hilohilo, ilijaribu njia nyingine. Wakurdi walipotia nanga pwani yake mwaka 1998, walipewa hifadhi, na baadaye nyumba za waliohama zilikabidhiwa kwa wakimbizi. Meya Domenico Lucano alisifiwa kote duniani, kisha akakamatwa mwaka 2018. Mwaka 2021 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 13. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilifuta karibu mashtaka yote na kubakisha mwaka mmoja na nusu uliosimamishwa. Mwaka 2024 alichaguliwa kuingia Bunge la Ulaya. Lakini wakimbizi wengi walikuwa wamekwisha kuondolewa, na milango mingi ya Riace ikafungwa tena.

Anayekusudia kununua katika kijiji cha namna hiyo asiende Julai. Aende Februari, siku ya kazi, saa moja ya usiku, ahesabu madirisha yenye taa.